Shujaa Mjinga katika Hadithi za Watoto na Kazi ya Mwalimu

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la pili, katika shule ambayo hatutaitaja, tukimkagua mwanachuo wetu akisimulia hadithi. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika hadi kona za mwisho, na picha alizozichora kwenye makaratasi ziliwapendeza watoto. Hadithi yenyewe ilimhusu kijana aliyetoka kwenda kumsaka zimwi. Kijana akamwua panzi, akarudi nyumbani kwa furaha akidhani kwamba kazi imekwisha. Hapo mwanachuo akasimama na kuuliza: "Kwa nini kijana huyu alidhani kuwa panzi ndiye zimwi?"

Mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake, akanyosha kidole na kujibu: "Kwa sababu panzi anakula sana." Darasa zima likaangua kicheko. Mwanachuo naye akacheka, akasema: "Wewe nawe ni kama huyo kijana. Kaa chini." Mtoto akakaa. Somo likaendelea, likamalizika kwa wakati uliopangwa.

Nasi tuliandika katika fomu ya ukaguzi kwamba somo lilikuwa zuri. Tuliporudi katika darasa hilo baada ya majuma mawili, tulimwona mtoto yule yule amekaa na mikono yake chini ya dawati. Hakunyosha kidole hata mara moja, wala katika Hisabati, wala katika Kiswahili. Tulipomwuliza mwanachuo wetu habari za mtoto huyo, alijibu kwamba ni mtoto asiyependa kusema. Hakukumbuka kicheko kile. Kwa kweli hata sisi tulikuwa karibu kukisahau.

Jioni hiyo tulilitafakari jibu la mtoto, tukaona kwamba lilikuwa ndilo jibu bora kuliko yote yaliyotolewa siku ile. Kijana wa hadithi hakupata kumwona zimwi. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba zimwi alimeza kila kitu. Basi mtu asiyemjua zimwi ila kwa ulafi wake, akikutana na mdudu anayemaliza majani ya mazao, ana sababu ya kumshuku. Mtoto alifikiri kama shujaa anavyofikiri. Sisi watu wazima, tuliokuwa tumekwisha kuujua mwisho wa hadithi, ndio tulioshindwa kufikiri.

Makala haya yanakusudia kumchunguza shujaa wa namna hiyo, yaani shujaa asiyejua mambo, anayekosea, na anayekua kwa kukosea kwake. Tutaonyesha tabia zake, tutaeleza jinsi anavyokua katika ngano zetu na katika katuni ambazo watoto wetu huzitazama siku hizi, kisha tutasema ni nini mwalimu wa shule ya msingi anaweza kujifunza kwake. Maoni yetu ni haya: shujaa mjinga hakui kwa sababu ya ushujaa wake peke yake. Hukua kwa sababu yupo mtu anayemwambia ukweli bila kumdharau, na kumwacha aende tena.

Mjinga ni nani?

Kwanza hatuna budi kulisafisha neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya mjinga na mpumbavu, na wengine huwatupia watoto maneno yote mawili kama mawe. Lakini mjinga ni mtu asiyejua. Mpumbavu ni yule ambaye hata akielezwa hataki kujua. Ujinga hutibika kwa kufundishwa, na ndiyo maana zipo shule. Kama ujinga ungekuwa kosa, basi kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza angekuwa mkosaji.

Zamani za misafara, huko pwani, neno mjinga lilitumika pia kwa mtu mgeni aliyefika karibuni kutoka bara, ambaye bado hajazijua desturi na lugha ya mahali. Wengi walioitwa hivyo walikuwa watumwa, na neno hilo lilikuwa na dharau ndani yake. Hata hivyo matumizi hayo yanatufunza jambo moja: ujinga ulihesabiwa kuwa hali ya mtu aliyefika sasa hivi. Baada ya muda hali hiyo ilimtoka. Wahenga nao walisema kuwa mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Methali hiyo haina maana kama hatukubali kwamba mjinga huweza kuerevuka.

Shujaa tunayemzungumzia ni mjinga kwa maana hiyo. Tabia zake ni rahisi kuzitambua. Ni mdogo wa umri, au ni wa mwisho katika nyumba yake. Hana siri; anachodhani hukisema kwa sauti. Huamini anachoambiwa. Hana aibu ya kuuliza. Na hakati tamaa upesi, kwa kuwa hajui bado jinsi kazi iliyo mbele yake ilivyo kubwa. Tabia hizi ndizo alizo nazo mtoto wa darasa la kwanza na la pili, na ndiyo sababu watoto humpenda shujaa huyu mara wanapokutana naye.

Masala Kulangwa na panzi wake

Kaskazini ya Tabora, kwa ndugu na majirani wa Wanyamwezi, yaani Wasukuma, ipo ngano mashuhuri ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Wasimulizi hutofautiana katika mambo madogo madogo, lakini mwendo wa hadithi ni mmoja. Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yote ya nchi. Akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, akamlea peke yake. Mtoto alipopata akili alimwuliza mama yake: watu wengine wako wapi? Mama akamweleza habari za zimwi. Tangu hapo kijana akawa anatoka kumsaka.

Siku moja akamwua panzi, akamletea mama yake akiuliza kama huyo ndiye. Mama akamwambia kuwa sivyo, huyo ni panzi tu. Siku nyingine akaleta ndege. Sivyo. Akaleta paa. Sivyo. Hivyo hivyo akaendelea, kila mara na mnyama mkubwa zaidi, hata mwisho akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamwua, akampasua, na watu wote wakatoka tumboni wakiwa hai.

Tulitazame jina la kijana huyu. Masala Kulangwa maana yake ni kijana mwepesi wa kuelewa. Je, si ajabu kwamba mtu aliyepewa jina hilo anaanza kwa kumdhania panzi kuwa zimwi? Wazee waliotunga ngano hii hawakuona ajabu yo yote. Kwao, mwenye akili ni yule anayechukua alichokipata, akakipeleka kwa anayejua, akauliza, kisha akatumia jibu alilopewa. Baada ya panzi hakuleta panzi wa pili. Kila alipoambiwa "sivyo", alipata maarifa mapya: zimwi si mdudu, zimwi si ndege, zimwi si paa. Alipofika mbele ya Shing'weng'we alikuwa amekwisha kujua mambo mengi ambayo zimwi si.

Ngano haiishii kwenye ushindi. Katika simulizi inayofahamika sana, wakati wa kulipasua tumbo la zimwi kijana alimkata sikio bibi kizee mmoja bila kukusudia. Bibi akakasirika, akataka kulipiza kisasi kwa uchawi. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya sikio lake, na ndipo watu wakamfanya kuwa mtawala wao. Sehemu hii waalimu wengi huiacha, kwa kuwa saa ya somo imekwisha au kwa kuwa wanaona zimwi amekwisha kufa. Tunaomba isiachwe. Katika sehemu ya kwanza kijana alijifunza kutofautisha panzi na zimwi. Katika sehemu ya pili anajifunza kwamba hata anayetenda jema kubwa aweza kumwumiza mtu, na kwamba aliyeumiza yampasa kuponya. Hapo ndipo tabia yake inapokomaa. Kuua zimwi kulimpa sifa. Kumponya bibi kulimpa heshima ya kutawala.

Njia ya misafara

Sasa tuifuate ile njia ya zamani kutoka Tabora hadi pwani, maana kule mwisho wake tutamkuta ndugu wa Masala Kulangwa.

Wanachuo wanaosoma Tabora hupita kila siku karibu na historia hii. Hapa ndipo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na ziwa Tanganyika, nyingine ikielekea kaskazini kwenye nchi za Karagwe na Buganda. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Burton na Speke, waliotangulia, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba: zaidi ya miezi 4 kwa miguu, kupitia Ugogo na pori la Mgunda Mkali.

Mizigo ya njia hiyo, pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ilichukuliwa mabegani, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa upagazi. Burton aliandika kuwa Wanyamwezi waliihesabu kazi hiyo kuwa kipimo cha uanaume. Kijana ambaye hajapata kufika pwani alikuwa bado mbichi. Alipotoka mara ya kwanza hakujua mito wala mahali pa maji, hakujua lugha za njiani, hakujua hata namna ya kuufunga mzigo usimkate bega. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na bendera yake, mtu aliyeijua njia. Kijana alijifunza kwa kwenda, akiwa nyuma ya mtu aliyekwisha kwenda.

Hatusemi haya ili kuisifu biashara ile. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na machungu yake hayasahauliki. Tunasema tu kwamba watu wa nchi hii waliijua vema maana ya kutoka nyumbani mtu akiwa mjinga na kurudi akiwa amekomaa. Shujaa mjinga hakuwa kitu cha ndotoni kwao. Alikuwa mtoto wa jirani aliyeondoka na msafara.

Mkaa-jikoni na Nunda

Katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokikusanya Edward Steere huko Unguja na kukichapisha London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni. Sultani huyu alikuwa na watoto saba wa kiume. Wa mwisho hakuthaminiwa, kwa sababu alikaa jikoni tu. Katika baadhi ya masimulizi jina lake ndilo hilo, Mkaa-jikoni. Ndugu zake wakubwa walipewa kazi ya kuulinda mtende wa baba yao, wakalala usingizi, na ndege akala tende. Yule wa jikoni ndiye aliyebuni njia ya kukesha, akitafuna mahindi pamoja na mchanga ili meno yamwamshe. Akamkamata ndege.

Baadaye paka wa Sultani alianza kuua mifugo. Watu wakashtaki. Sultani akajibu kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akaua tena, akazidi, akaingia mwituni, akawa mla watu, ndiye Nunda. Sultani hakuzinduka mpaka alipouawa watoto wake mwenyewe. Ndipo kijana wa jikoni akaondoka kumtafuta Nunda. Akamwua mbwa, akamburuta hadi nyumbani akiimba kwamba amemwua Nunda mla watu. Mama akamwambia: sivyo, mwanangu. Akaleta fungo, akaleta punda milia, akaleta twiga, kifaru na tembo. Kila mara mama alimwambia ukweli, na kila mara alimsihi apumzike, asiende tena. Kijana akaenda tena, hata akamwua Nunda mwenyewe.

Hatudai kujua kama hadithi hizi mbili zilichukuliwa na wapagazi kutoka bara hadi pwani, au kutoka pwani hadi bara, au kama kila nchi ilijitungia yake. Linalotuhusu ni kwamba katika ncha zote mbili za njia ile watu walimwona shujaa kwa jicho moja.

Hadithi ya pwani ina fundisho lake la pekee kwa mwalimu. Ndani yake mna kukua kwa namna mbili. Paka anakua, na kijana anakua. Paka anakua katika uovu kwa sababu kosa lake la kwanza, lililokuwa dogo, halikusahihishwa. Mwenye mamlaka alilifumbia macho. Kijana anakua katika maarifa kwa sababu makosa yake yote, hata ya kuchekesha, yalisahihishwa kwa upole. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba tunafundisha kuwaacha watoto wakosee bila kuambiwa. Kumwachia mtoto kosa lake kwa kisingizio cha upole ni kazi ya Sultani. Kumwambia "sivyo, mwanangu" ni kazi ya mama. Mwalimu achague.

Shujaa wa katuni

Siku hizi watoto wengi, hata wa vijiji vyenye umeme au simu moja ya kuonea picha, wanawajua mashujaa wa katuni kabla ya kuwajua mashujaa wa ngano. Baadhi ya wakufunzi huzilaumu katuni zote. Sisi hatuoni sababu ya kufanya hivyo, maana shujaa mjinga yumo humo pia.

Pinocchio, mtoto wa mbao aliyetungwa na Mwitaliano Carlo Collodi katika kitabu cha mwaka 1883, alitiwa katika sinema ya katuni huko Marekani mwaka 1940. Anaamini kila laghai anayekutana naye. Katika sinema hiyo anaahidiwa kuwa mtoto wa kweli endapo atakuwa jasiri, mkweli na asiyejipendelea nafsi yake. Huko ni kukua kwa tabia kulikoelezwa waziwazi. Karibu na kwetu, kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam imetengeneza katuni ya Akili, binti wa miaka 4 anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro na kujifunza pamoja na rafiki zake wanyama katika nchi ya ndotoni. Hapo twampata shujaa wa kike, jambo ambalo ngano tulizozitaja hazikutupa. Ndani yake mwanamke ni mama mwenye hekima, lakini hatoki kwenda safari. Mwalimu anayesimulia ngano hizo darasani hana dhambi akimpa msichana upinde.

Lakini katuni zina udhaifu mmoja ambao mwalimu lazima auone. Tuchukue The Lion King, ya mwaka 1994, ambayo watoto wetu huipenda kwa kuwa majina yake ni ya Kiswahili. Simba anaanza akiwa mtoto mjinga hasa. Anadanganywa na baba yake mdogo, anaingia mahali pa hatari, kisha anajilaumu kwa kifo cha baba yake. Anakimbia, anawapata marafiki wapya, na hapo, wakati wanaimba wimbo mmoja wakivuka gogo, mtoto anageuka kuwa simba mwenye manyoya ya shingoni. Miaka yote ya kukua imepita ndani ya wimbo. Amekula nini? Amekosea nini? Nani alimsahihisha? Hatuonyeshwi.

Si kosa la watengenezaji. Sinema ina muda wake. Lakini mtoto anayetazama aweza kuamini kwamba kukua ni kitu kinachotokea chenyewe, na kwamba yeye ambaye leo hakuweza kutoa 17 katika 52 ana kasoro. Ngano ya panzi yamwonyesha kila hatua. Hivyo tusizigombanishe ngano na katuni. Tutumie ngano kuwauliza watoto yale ambayo katuni imeyaruka.

Darasani

Yafuatayo ni mapendekezo machache ambayo wanachuo wanaweza kuyajaribu katika mazoezi yao.

Kwanza, unaposimulia ngano ya namna hii, simama kila mara kabla mama hajajibu. Waulize watoto: je, huyu ndiye? Mnajuaje? Usiridhike na "hapana" ya darasa zima. Tafuta sababu. Mtoto akisema panzi anakula sana, mwambie kwamba hilo ni kweli, kisha uliza: kuna jambo gani jingine tuliloambiwa kuhusu zimwi?

Pili, chora ubaoni safu mbili. Katika safu ya kwanza andika alicholeta kijana. Katika ya pili andika alichojifunza. Watoto wa darasa la tatu na la nne waweza kuijaza wenyewe kwa makundi. Mwisho wa somo wataona kwa macho yao kwamba kijana wa mstari wa mwisho si yule wa mstari wa kwanza, na kwamba hakuna mstari uliopotea bure. Hili ndilo ambalo wahakiki huliita mhusika anayekua, na watoto watalielewa bila kuambiwa istilahi hiyo.

Tatu, waache waigize. Mpe nafasi ya mama mtoto ambaye kwa kawaida huwacheka wenzake. Kulitamka neno "sivyo, mwanangu" kwa sauti ya upole mara tano au sita ni zoezi zuri kwake.

Nne, usikimbilie swali la "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wamelizoea, na jibu lao wamelikariri: inatufundisha tuwatii wazazi. Kijana wa jikoni alisihiwa na mama yake abaki nyumbani, akaenda. Uliza badala yake: je, alikosea kwenda? Majibu yatatofautiana, na hiyo ndiyo faida yake.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, ihamishe tabia ya mama katika masomo mengine. Mtoto akiandika kwamba 52 toa 17 ni 45, huyo ameleta panzi. Mwalimu akiweka alama ya kosa na kupita, mtoto hakujifunza ila kwamba amekosa. Akiulizwa "Umelipataje?", ataeleza kwamba ametoa 2 katika 7 akapata 5, na 1 katika 5 akapata 4. Sasa tunajua hasa anachojua na asichokijua. Anajua kutoa. Hajui bado kwamba hawezi kugeuza mpangilio wa tarakimu apendavyo. Kosa lake lina akili ndani yake, na mwalimu aliyeiona akili hiyo anajua pa kuanzia kumfikisha kwenye 35.

Mambo yanayopingwa

Tunajua kwamba wapo watakaosema: darasa lina watoto 80, pengine 100, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto. Ni kweli kwamba hawezi. Lakini jibu la mama katika ngano zote mbili ni fupi mno. Kumwambia mtoto "kaa chini, wewe ni kama huyo kijana" na kumwambia "umefikiri vema, sasa tutazame tena" huchukua muda ule ule. Wingi wa watoto unatuzuia mambo mengi. Hautuzuii kuchagua maneno.

Wengine watasema kwamba kicheko ni sehemu ya maisha yetu, na mtoto asiyezoea kuchekwa atakuwa dhaifu. Nasi tunaupenda utani. Wanyamwezi na watu wa pwani wametaniana sana, na wazee hueleza kuwa utani huo ulikua katika safari za misafara. Lakini utani una watu wawili, kila mmoja ana haki ya kumjibu mwenzake. Mtoto wa miaka 8 anayechekwa na mwalimu wake mbele ya darasa hana haki hiyo. Hawezi kujibu. Anachoweza ni kunyamaza, na akinyamaza mwalimu humwandika katika taarifa kuwa ni mzito.

Hitimisho

Tumeanza na mtoto aliyekaa na mikono chini ya dawati, nasi hatuwezi kumalizia kwa kusema kwamba mambo yake yalitengenezeka. Mazoezi yalikwisha, wanachuo wakarudi chuoni, nasi tukarudi nao. Mwanachuo yule tulizungumza naye kwa kirefu. Tulimwambia kuwa kosa lile lilikuwa letu pamoja naye, maana yeye alicheka, nasi tulimpa alama. Tangu hapo, katika ukaguzi wetu, tumeongeza jambo moja ambalo fomu hailiulizi: twaandika jibu moja lenye kosa lililotolewa na mtoto, na pembeni yake twaandika maneno ambayo mwalimu alimjibu. Mara nyingi mstari huo mmoja hutueleza habari za somo kuliko kurasa nyingine zote.

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, utawakuta watoto waliotoka nyumbani asubuhi kama Masala Kulangwa, kila mmoja na kitu alichokikamata mkononi. Wengi watakuwa wamekamata panzi. Watakuletea wakiwa na furaha, watakuuliza kama ndiye. Waambie ukweli, uwaambie vizuri, na uwape sababu ya kurudi kesho.